Lulu za Bibi Leonetta

Soko la mji wa Ferrara lilikuwa limefurika watu, na Tarsia mdarizi alikuwa akichagua nyuzi za dhahabu, kijana mmoja mwenye kucha za rangi ya buluu alipomkodolea macho.

"Kaka, nimekukosea nini?"

"Mabega yako, dada. Ni yake kabisa!"

"Ya nani?"

"Ya marehemu."

Kijana huyo, Galvano, alikuwa mchoraji wa Bwana Ippolito. Bibi Leonetta, mke wa bwana huyo, alifariki picha yake ikiwa imekamilika uso tu. Sasa mumewe alitaka yachorwe mavazi na vito vyote, wageni waone utajiri wa nyumba yake. Alitafutwa mtu wa kuvivaa.

Tarsia alikubali, kwani kicheko cha Galvano kilikuwa kimeshamteka. Akavishwa gauni la mahameli jekundu, zito, mikono yake ikimeta dhahabu, na lulu mistari mitatu shingoni.

"Malkia wangu, usipumue," Galvano alimtania.

"Nikifa je, utamwoa nani?"

"Acha mzaha huo, mpenzi."

Lakini lulu hizo hazikupata joto la mwili wake. Kutwa nzima zilibaki baridi. Siku ya nne, mbwa wa marehemu alikuja akajilaza miguuni pake. Siku ya sita, Tarsia alimwambia mjakazi, "Nipe kitana changu, kiko nyuma ya kioo." Kweli kilikuwepo, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa marehemu alikiweka hapo.

Jioni hiyo alimwona Galvano akiupapasa kwa brashi ule uso uliochorwa, taratibu, kwa mahaba.

"Unampenda yeye," alisema, akilia. "Mimi ni mti wa kutundikia nguo zake."

"Tarsia, hebu nisikilize…"

Alikataa. Siku ya tatu baada ya ugomvi huo, adhuhuri, Bwana Ippolito aliingia, akasimama kama aliyepigwa na radi.

"Leonetta! Usilivue tena gauni hilo. Njoo tule."

"Naam, mume wangu," alijibu Tarsia. Sauti haikuwa yake.

Galvano alitupa brashi, akaruka, akakata uzi wa lulu kwa kisu chake cha kuchanganyia rangi. Lulu zikamwagika sakafuni. Bwana Ippolito akapiga magoti kuziokota, akiliita jina la mkewe.

Tarsia alishtuka, akahema. "Galvano, nilikuwa wapi?"

"Twende kwanza!"

Wakiwa njiani kwenda mji wa Mantova, Tarsia amevaa tena gauni lake mwenyewe la kitani, Galvano alisimama.

"Jioni ile nilikuwa nautafuta uso wako katika ule wa Leonetta. Nioe… yaani, nikuoe?"

Tarsia alicheka, akauchukua mkono wake, akauweka shingoni pake. Jua lilikuwa kali, lakini shingo ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Na hii je?"

"Nitaipasha moto, hata ikinichukua miaka."

"Basi anza."