Sikio la Kushoto

Sura ya tisa ilikataa kuisha. Siku ya nne hiyo dobi, ambaye wateja walimwita Mama Mikunjo kwa sababu hakuvumilia mkunjo hata mmoja kwenye nguo ya mtu, alikuwa akipiga pasi huku akisikiliza kitabu chake kwenye simu. Kilimhusu msichana mchonga funguo aliyenasa kwenye uchochoro ulio kati ya dunia mbili pacha, asiweze kuingia huku wala kule. Sasa ameuona mlango. Anashika kitasa, anavuta pumzi, halafu kitabu kinarudi mwanzo wa sura.

"Simu gani hii isiyo na adabu!" alifoka.

Alisikiliza kwa spika za masikioni zenye waya, sikio la kulia tu. La kushoto aliliacha wazi ili awasikie wateja, na spika yake ndogo ikaning'inia kifuani ikijisomea peke yake. Ndivyo alivyozoea miaka yote, na hakuna aliyeona ubaya.

Fundi simu aliichokonoa, akasema ni nzima. Mdogo wake, aliyekuwa akifua uani, aliapa hajaigusa. Lakini kila hadithi iliporudi nyuma, chumba kilinuka kitambaa kinachoungua, hata pasi ikiwa imezimwa. Siku ya tano harufu ilipopanda, Mama Mikunjo alitazama kifuani, akaona spika ya kushoto haining'inii tena. Ilikuwa imeinuka hewani, waya umekaza, usawa wa sikio la mtu aliyesimama ubavuni pake, na hapakuwa na mtu.

"Mdogo wangu," alinong'ona. "Njoo. Usikimbie, njoo taratibu."

Mdogo wake aliingia na povu mikononi, akaona, akarudi kinyumenyume hadi ukutani.

"Dada, vua hicho kitu. Vua!"

Spika ikaanguka. Kwenye kioo cha simu ikatokea alama ya kidole, ya jivu, na sura ya tisa ikaanza upya.

Mdogo mtu alitoka mbio kwa mganga wa mtaa wa pili, akarudi akihema. "Kasema ni jini lililonasa katikati. Kwao halipo, kwetu halipo. Linasikiliza lijue yule msichana alitokaje, na likipitwa na neno linarudisha. Usiimalize hiyo hadithi, Dada. Zima simu. Kesho asubuhi anakuja mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi nisijue mwisho?"

"Dada!"

"Siku tano! Siku tano nimesimama mlangoni na mtoto wa watu, miguu imenivimba, halafu nizime?"

Mimi ningezima. Wewe ungezima. Yeye hasira zilikuwa zimemfika kooni, na hofu haikupata pa kukaa. Mdogo wake alipokwenda kuanua nguo, alifunga mlango, akainyoosha spika ya kushoto kwenye hewa tupu.

"Shika. Sikiliza vizuri, tumalize, uende zako."

Ikashikwa. Harufu ya kuungua ikamjaa puani, msichana akashika kitasa, akavuta pumzi, na safari hii hakuna aliyerudisha, mlango ukafunguka, na msomaji kwa sauti yake ile isiyo na haraka akaeleza kwamba uchochoro ule haukai mtupu, kwamba anayetaka kutoka humshika mkono aliye karibu naye, humwacha humo, na hutoka na sura yake, na kabla Mama Mikunjo hajaichomoa spika sikioni alihisi vidole vikavu, vya moto, vikijipanga taratibu katikati ya vidole vyake.

Mdogo wake alirudi na tenga la nguo, akamkuta dada yake akipiga pasi kwa utulivu.

"Umezima?"

"Imeisha."

"Na msichana?"

"Alitoka." Akatabasamu, akamkabidhi shati lililokunjwa.

Kwenye kola palikuwa na mkunjo. Mkubwa, wa wazi, na dada yake alikuwa ameupigia pasi juu kwa juu. Mdogo mtu aliutazama. Pole pole akaiokota spika ya kushoto mezani, akaitia sikioni.

"Rudisha nyuma!" Ilikuwa sauti ya dada yake, imekauka kwa kupiga kelele. "Mdogo wangu, rudisha nyuma!"

Akanyoosha kidole kwenye simu. Mwanamke yule akamwahi, akaweka pasi ya moto juu ya kioo, akaikandamiza bila haraka mpaka simu ikatoa moshi na kuzimika.

Sauti sikioni haikuzimika.