Taa Nyuma ya Pazia

Kila siku akirudi kutoka shuleni, kabla hata hajavua soksi, Chiriku alikuwa na kazi moja: kuokota pini. Shangazi yake alikuwa fundi cherehani na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Chiriku aliburuta sakafuni sumaku iliyofungwa kwenye uzi, huku akisimulia yote ya darasani: nani aliitwa ubaoni, nani aligombana na nani, nani alisinzia mpaka akadondosha rula. Hakusubiri kuulizwa. Jina hilo la Chiriku alipewa na mama yake, na hakuna aliyewahi kulipinga.

"Wewe mtoto, mdomo huo hauchoki?" shangazi alimtania.

"Nikinyamaza nitapasuka, shangazi!"

Lakini mwezi huo masimulizi yalipungua. Mama alikuwa amelazwa katika hospitali ya nchi jirani kwa sababu ya uvimbe kwenye koo, na baba alikuwa huko akimuuguza. Daktari hakuwaficha kitu. Alhamisi asubuhi wangempasua, naye angepona, lakini sauti yake isingerudi tena. Kwa hiyo mama aliahidi kupiga simu kabla ya siku hiyo. Alitaka kuzungumza na mwanawe kwa sauti yake mwenyewe, kwa mara ya mwisho.

Laini ya baba haikushika kule, na simu ya shangazi ilikuwa kitochi cha kupiga na kupokea tu. Njia iliyobaki ilikuwa intaneti: huko ile ya hospitali, na hapa ile ya nyumbani pamoja na kishikwambi alichokiacha mama. Kisanduku cha intaneti kilikaa dirishani, nyuma ya pazia la karakana. Shangazi akatoa amri.

"Hakuna katuni, hakuna michezo, hakuna nini wala nini. Mtandao uachwe wazi kwa ajili ya mama yako. Akipiga, asikute foleni."

Maskini shangazi! Aliutunza mtandao ule kama watu wanavyotunza sahani za wageni. Hakujua anachokifanya.

Jumatatu, Chiriku alipotoka shuleni, walikaa kando ya kishikwambi mpaka jioni, kisiite. Jioni shangazi alipokigusa kutazama saa, wakaona alama nyekundu ya simu isiyopokewa: mama alikuwa amepiga mchana ule ule, nao wamekaa pale pale! Walipopiga wao, baba alisema mama ameshapewa dawa, amelala fofofo.

"Kesho atapiga tena," baba alisema. "Msimpigie ninyi mkamwamsha, ila msiende mbali, jamani."

Kesho yake shangazi alitoka kidogo kupeleka gauni la mteja. Chiriku akabaki peke yake, na uchovu wa kusubiri ulikuwa umemshika. Akachukua kishikwambi, akajificha nyuma ya pazia, akaangalia katuni. Pale alikiona kisanduku kwa karibu. Taa yake ilikuwa ya kijani. Alipozima katuni alibaki amejilaza, akimfikiria mama, na baada ya muda ile taa ikageuka nyekundu. Akagusa kishikwambi, ikarudi kijani. Akasubiri tena bila kugusa kitu, ikawa nyekundu tena. Hee! Kumbe kisanduku kikiachwa bila kazi kinakata mtandao, na kishikwambi kikiguswa kinaamka!

Alisikia mlango wa nje, akatoka haraka, akarudisha kishikwambi mezani, akajikausha.

Jioni ile waliona tena alama nyekundu, na mama alikuwa ameshalala. Shangazi akamwita fundi wa mtandao, kijana mmoja mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Waya. Akaja Jumatano mchana, akapima umeme, akachomoa, akachomeka, kisha akajaribu kwa simu yake. Mtandao ukaenda mbio bila kukwama.

"Mbona mzima huu?" alishangaa.

"Ndivyo ulivyo. Ukimwona fundi unapona," shangazi alisema.

Waya alijikuna kichwa. "Haya, nisaidieni. Kuna mtu ameona taa ikibadilika rangi? Na ilipobadilika, mlikuwa mnafanya nini?"

"Hapa hakuna anayeugusa," shangazi alijibu kwa fahari. "Amri yangu hiyo. Au wewe umeona kitu, Chiriku?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Chiriku. Lakini akisema ameona taa, ataulizwa alikuwa anafanya nini nyuma ya pazia. Akatazama chini.

"Hapana," alisema.

Mtoto aliyeweza kusimulia rula iliyodondoka, siku ile neno moja lilimtosha. Waya akabadilisha waya wa ukutani, akaaga.

Jioni hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla ya upasuaji. Shangazi alizima cherehani mapema. Wakakaa mezani, kishikwambi katikati yao. Chiriku alitamani kuinuka akachungulie nyuma ya pazia. Akajiambia, waya umebadilishwa, kimeshapona. Aliendelea kujiambia hivyo mpaka usingizi ukamchukua, kichwa chake juu ya vipande vya vitambaa.

Asubuhi shangazi alikigusa kishikwambi. Alama nyekundu zikajipanga kuanzia juu ya kioo mpaka chini, zote za jioni ile. Akapiga. Baba akatokea kwenye kioo, macho mekundu.

"Mlikuwa wapi jamani? Amepiga mpaka muuguzi akamsihi apumzike. Ameingia chumba cha upasuaji sasa hivi."

"Alitaka kuniambia nini, baba?" Chiriku aliuliza.

"Alisema hana maneno mengi. Alitaka tu akuite jina lako, nawe uitike."

Chiriku alilia kilio ambacho shangazi hakuwahi kukisikia kwake. Alilia mpaka akakaa sakafuni, na katikati ya kwikwi akayasema yote: katuni, taa na lile "hapana" lake. "Nilijua, shangazi! Nilijua na sikusema!"

Shangazi alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikamtoka, akabaki na huzuni. Alichukua kitochi chake akampigia Waya.

Waya alipofika na kusikia habari ile, alishusha pumzi. "Kisanduku hiki kimepangwa kijizime kikikaa bila kazi. Jana kilikuwa macho kwa sababu simu yangu ilikuwa inakitumia. Mdogo wangu, ungeniambia lile la taa, ningekitengeneza pale pale."

"Kumbe amri yangu ndiyo iliyokuwa inakilaza," shangazi alisema taratibu.

Waya akafungua mipangilio ya kisanduku, akakiamuru kikae macho muda wote. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Chiriku alitazama vidole vya Waya vikibonyeza, akalia tena.

Jumapili mchana, hakuna aliyegusa kitu, kishikwambi kikaita. Chiriku aliruka, akapokea. Mama alikuwa amekaa kitandani, bendeji nyeupe shingoni, mdomo wake ukifunguka na kufungika.

"Shangazi! Mtandao umekatika tena, sauti haiji!"

Shangazi alifunua pazia. Taa ilikuwa ya kijani. Akarudi, akamwekea mkono begani.

"Mtandao mzima, mwanangu," alisema.

Chiriku akatazama tena ile midomo. Chi-ri-ku. Mama alirudia, akarudia tena, bila sauti.

"Abee, mama," aliitika, machozi yakimtiririka. Kisha akamwambia kila kitu, hakuacha hata moja. Mama alilia. Baadaye akajifuta uso, akagusa midomo yake, akatikisa kichwa, halafu akamnyooshea Chiriku kidole.

"Anasema uongee wewe," baba alisema kwa upole.

Simu ilipokwisha, shangazi alimkalisha kando ya cherehani.

"Mwanangu, ungesema siku ile ningekugombeza, na ugomvi wangu ungeisha kabla ya chakula cha jioni. Hili la sasa tutaishi nalo. Mimi pia nina kosa, nimekuwa mkali hata ukaniogopa, na mtoto anayeogopa hasemi kweli. Lakini ukiona jambo limeharibika, liseme, hata kama kulisema kunakuumbua wewe mwenyewe. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Nimesikia, shangazi."

Tangu siku hiyo, akimaliza kuokota pini, Chiriku humpigia mama. Humsimulia yote ya darasani, na akiwa amekosea, husimulia kosa kwanza. Mama husikiliza, na pakichekesha hucheka, mabega yakimtikisika bila sauti. Chiriku naye hunyamaza kidogo, akimsubiri amalize kucheka, kisha huendelea.