Plasta za Ganzi Alizonifuatia Mombasa

Nina miaka hamsini na moja. Naandika haya nikiwa kwa mdogo wangu, Wiyoni, kisiwani Amu, yaani Lamu, kwa sababu nyumba yangu niliyokaa miaka ishirini na sita sina hamu nayo tena. Jina langu sitalitaja. Niiteni Bi Zainabu, yatosha...

Kwetu hasa ni Mbwajumali, kisiwa cha Pate. Huko ndiko nilikozaliwa, ndiko nilikoolewa, na ndiko nilikozaa binti zangu wawili ambao sasa wana waume zao. Mume wangu, nitamwita Athmani, ni fundi cherehani. Kanzu za Idi za nusu ya mji hupita mikononi mwake. Mtu mpole, msemaji mzuri, swala tano hazimpiti. Ningeambiwa zamani nichague mume upya, wallahi ningemchagua yeye!

Mkasa wangu ulianza kwa vipele. Ni miaka minne sasa. Vilinitoka ubavuni kushoto, chini ya titi, vikazunguka mpaka mgongoni kama mshipi. Mkanda wa jeshi. Baada ya wiki tatu vikakauka, nami nikamshukuru Mungu. Kumbe moto ulikuwa umebaki ndani!

Nguo ikinigusa, nasikia kama nimemwagiwa mafuta ya moto. Upepo wa feni, uchungu. Kusujudu, uchungu. Kofia nilizozoea kushona tangu usichana nikaziweka kabatini, maana nikiinua mkono tu ubavu wachomeka. Watu wakinitazama hawaoni kidonda. Wengine walinong'ona kuwa najidekeza. Nani ataamini maumivu yasiyo na jeraha?

Athmani aliniamini. Hilo nalisema mbele ya Mungu. Alinipeleka Mombasa, kwa daktari wa mishipa, na huko ndiko nilikopewa plasta za ganzi.

Ni kipande kipana cheupe, laini, chenye ubaridi. Ukikibandika panapouma, baada ya muda ngozi yafa ganzi na ule moto unapungua. Siku ya kwanza nilipobandikwa nililia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano niliweza kuvaa sidiria bila kuuma meno!

Daktari alimweleza mume wangu matumizi yake kwa urefu. Mimi nilikuwa nimelala kitandani, nasikia nusunusu. Muuguzi akaniuliza kama nimeelewa. Nikamjibu kuwa maelezo yote ameyachukua bwana.

Neno hilo nalijutia mpaka leo.

Wakati huo plasta zile hapa Amu hazikuwepo. Basi kila mwezi Athmani alifunga cherehani yake, akapanda boti hadi Amu, akavuka hadi Mokowe, bara, akashika basi la Mombasa. Mwanzo alirudi siku ya nne. Baadaye siku ya sita. Halafu ikawa wiki nzima, na mara nyingine zaidi. Wanawake wenzangu walikuwa wakija kunitazama na kuniambia, "Bi Zainabu, umepata mume! Wetu sisi hata panadoli ya dukani hawatufuatii."

Nami nilivimba kichwa. Nilimwombea dua kila baada ya swala. Nilimwombea asalimike njiani, nikamwombea umri mrefu. Nikajiona mgonjwa mwenye bahati kuliko wazima wote wa mji ule...

Baadaye plasta akawa ananiletea ndani ya mfuko wa kaki, bila boksi. Siku moja nikamwuliza boksi lake liko wapi. Akasema maboksi yanajaza mkoba bure. Nikaridhika. Namna ya kutumia aliniambia, "Ibandike, uiwate papo hapo mpaka itoke yenyewe." Basi nikawa nakaa nayo mchana na usiku. Ngozi ikawa nyekundu, ikaniwasha, ikatoka malengelenge. Nikadhani ndiyo maradhi yanatoka. Nilikuwa mjinga? Nilikuwa namwamini mume wangu. Pengine ni kitu kimoja.

Sasa niwaeleze kosa langu mimi, maana hiki si kisa cha lawama kwa mtu mmoja tu.

Mdogo wangu, Rukia, ndiye huyu ninayekaa kwake. Mwaka juzi alikuja Mbwajumali kunitazama, akaona zile plasta juu ya meza. Akaniambia ameziona hizohizo Amu, kwenye duka la dawa karibu na forodha. Akauliza kwa nini shemeji yake anajitesa kwenda Mombasa.

Jioni nilimwuliza Athmani. Akacheka. Akasema za Amu ni za bandia, zitanichuna ngozi, na kwamba watu wanaomwonea mwenzao wivu kwa mume mwema hawakosi maneno. Kesho yake nilimgeukia Rukia. Nilimwambia ananihusudu. Nilimwambia kwa kuwa yeye ameachwa, ataka na mimi niachwe... Mdogo wangu wa ziwa moja! Alichukua buibui lake, akatoka. Miezi minane hatukusemezana.

Ilipofika Shaabani mwaka jana, Athmani aliondoka kama kawaida. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Nikipiga simu anasema plasta zimekwisha Mombasa nzima, anangoja mzigo. Mimi nilikuwa nimebakiwa na tatu. Nikazikata vipande. Nikazibandua za zamani, nikazibandika tena kwa utepe. Mwisho hazikuwa dawa tena, ni matambara. Nilikuwa nikikaa ukumbini na kanga kifuani, siwezi kuvaa nguo, mgeni akibisha hodi namwambia nimelala.

Alirudi siku ya kumi na saba, na mifuko miwili. Nililia kwa furaha. Alikunywa chai akaenda kibandani kwake kushona, mimi nikafungua mfuko kama mwenye njaa anavyofunua sufuria. Sikubandika moja. Nilibandika tano, kutoka chini ya titi mpaka kwenye uti wa mgongo! Nikajifunga leso kwa nguvu, na juu yake nikaweka chupa ya maji moto, kwa kuwa tangu zamani tumezoea kuwa kinachouma hukandwa.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Midomo ikaanza kunichonyota kama imetambaliwa na siafu. Masikio yakavuma. Moyo ukawa unaruka, unasimama, unaruka... Nikataka kumwita jirani, ulimi ukawa mzito. Ungo ukaniponyoka, nami nikaufuata chini.

Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa ndani ya boti, kichwa changu mapajani mwa Athmani, naye anasoma Yasini. Hilo pia nalisema, nisimdhulumu.

Hospitalini Amu nilimweleza daktari habari ya ile chupa ya maji moto, naye akazibandua zile plasta moja moja. Alipofika ya tano akanitazama.

"Mama, nani amekwambia ubandike tano na uweke moto juu?"

Nikamtazama Athmani. Athmani akatazama sakafu.

Daktari akaeleza polepole, kama anayemfundisha mtoto. Hazizidi tatu kwa pamoja. Zinakaa saa kumi na mbili tu, kisha zinatolewa, ngozi inapumzishwa saa kumi na mbili nyingine. Hazibandikwi penye malengelenge. Na moto ni hatari, kwa kuwa unaisukuma dawa mwilini kwa wingi mpaka ikafika kwenye moyo. Akasema hayo yote yameandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi.

Nikamwambia zangu zatoka Mombasa, haziji na boksi.

"Zina boksi, mama," akasema. "Zote huwa na boksi."

Athmani alisema anarudi Mbwajumali kutazama nyumba. Aliyekuja na uji ni Rukia. Sijui nani alimpa habari. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza: "Dada, kunywa uji kabla haujapoa. Hayo tutayasema ukipona." Mpaka leo hajanikumbusha neno hata moja kati ya yale niliyomwambia. Na hilo laniuma kuliko angenitukana!

Siku ya tatu nikaruhusiwa kutoka. Daktari aliniandikia plasta, nizitumie kwa utaratibu. Rukia akasema tupitie lile duka la dawa. Hata hapo, ndugu wasomaji, nilisita. Nilisema, "Si za bandia hizo?" Mapenzi ni kitu gani!

Nyuma ya meza alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Aliisoma karatasi, akatoa boksi, akalifungua. Plasta zilezile! Rangi ile, maandishi yale, hata ule mkunjo wa karatasi yake.

"Watoka wapi, mama?" akauliza.

Nikamwambia Mbwajumali.

"Ah! Basi we ndiwe mke wa fundi Athmani! Pole sana kwa maradhi. Bwana yako huya hapa kila mwezi."

Nilishika ukingo wa meza. "Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kuzileta, yapata miaka miwili. Huya na mkoba wake akitoka safari, huzitoa maboksini papa hapa, maboksi huniatia nikatupa. Yana kibandiko cha duka letu. Nami kila mara namwambia, bwana, karatasi hii mpelekee mama aisome. Hunijibu, 'Nitamweleza mwenyewe.'"

Rukia alinikalisha kwenye kiti. Sikulia. Nilikuwa nahesabu safari. Mwezi kwa mwezi, miaka miwili... Kama dawa yangu ilikuwa hapa, hatua chache kutoka boti inapofunga, mume wangu Mombasa alikuwa akifuata nini?

Nilimpigia simu aje Wiyoni. Alikuja kesho yake asubuhi. Rukia alitutandikia mkeka, akatupisha. Sikumzungusha.

"Athmani, Mombasa una nani?"

Akasema, "Nina mke."

"Na mwana?"

"Mmoja. Wa kike. Ana mwaka na nusu."

Alisema alimwoa kwa ndoa ya halali, mjane aliyekuwa jirani wa nyumba aliyofikia safari zile za mwanzo. Alisema alitaka kuniambia. "Lakini ulikuwa mgonjwa, Zainabu. Nalichelea kukuzidishia maradhi."

"Ukachelea kunizidishia maradhi, ukaitupa karatasi ya dawa yangu?"

"Maneno ya daktari nalikuwa nimeyasahau, sikujua kuwa ina dhara. Wallahi sikujua!"

Na hapo nilimwamini. Hakutaka kuniua. Alikuwa akificha kibandiko cha duka tu, ili safari yake isikatike. Ili kukificha kibandiko kile, aliutupa usalama wangu kila mwezi, kwa mkono wake, huku akiambiwa asifanye hivyo.

Nikamwuliza swali la mwisho. Je, huyo mwenzangu anajua kuwa nipo?

Alijiinamia. "Ajua u mgonjwa. Nimwambie nini... nalimwambia hujiwezi tena. Kwamba siku zako zimesalia chache."

Mimi! Niliyekuwa nikipika, nikifua, nikimpokea mkoba mlangoni, nikimwombea umri mrefu! Kule Mombasa nilikuwa maiti anayengojewa.

Kuoa si haramu. Angenikalisha chini akaniambia, ningelia, ningenuna, huenda ningekwenda kwetu mwezi mzima. Lakini ningezoea kama walivyozoea wengine. Ila yeye aliuchukua uchungu wangu akaufanya nauli. Kadiri nilivyoumwa ndivyo alivyosifiwa, na ndivyo alivyosafiri. Ningepona, je, angefurahi? Swali hilo lilinitesa wiki nyingi, na jibu lake sikulitaka tena.

Wazee walikuja kusuluhisha. Binti yangu mkubwa alinilaumu, akasema baba yao ameniuguza miaka, nisimvunjie heshima kwa jambo alilomruhusu Mungu. Sikubishana naye. Nilikwenda kwa kadhi na Rukia, nikaeleza kila kitu, na Athmani alipoitwa hakukana hata moja. Nikapewa talaka yangu. Eda nimeimaliza hapahapa Wiyoni.

Maumivu hayajaondoka. Daktari amenieleza ukweli kuwa huenda nikaishi nayo. Nabandika plasta mbili jua likishatoka, nazitoa magharibi, nazikunja na kuzitupa mbali na wana wa Rukia. Dukani naenda kwa miguu yangu. Nina siku nzuri na siku mbaya. Na sitawaficha: zipo siku ambapo ubavu ukiwaka, naikumbuka sauti yake ikiniuliza, "Yeo waonaje?" Halafu najichukia kwa kuikumbuka...

Dada zangu, mama zangu, hata ninyi kaka mnaougua: nawasihi, msifuate ndia niliyoipita! Mtu akikuuguza, mshukuru, lakini usimwachie akusikilizie daktari. Daktari akisema, muulize mwenyewe. Usipoelewa, muulize tena bila haya, mwili ni wako. Dawa ikija bila boksi, bila karatasi, usiipokee hata ikiletwa na mtu mnayelala kitanda kimoja. Karatasi ikiwa ya Kiingereza, mtafute wa kukusomea. Yupo. Dawa ya kubandika ni dawa kama ya kumeza, inaingia mwilini, inaweza kukuua.

Na ndugu yako akikuletea neno la kweli usilolipenda, usimfukuze. Mimi nilimfukuza wangu. Ningemsikiliza siku ile, ningelia mapema, na moyo wangu usingefikishwa mlangoni mwa kaburi kwa ajili ya kibandiko cha duka!