Mahari kwa Awamu Mbili

Siku Twahiru alipomkuta Lubna, foleni mbele ya korti ilikuwa imefika hadi barabarani, na kila mtu alikuwa na bahasha mkononi na haraka moyoni. Lubna alikuwa chini ya mwavuli wake wa bluu, kompyuta mezani, akiwachapia watu barua na mashtaka yao. Mtandio wake wa zambarau ulikuwa umeteleza hadi mabegani na hakuwa na nafasi ya kuurudisha. Akasimama mbele yake kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, kucha nyeusi kwa girisi.

"Dada, we ndiye metre?"

"Apana. Mi si avoka, mi naandika tu."

"Basi unaandika vizuri. Nimekuangalia toka saa mbili."

"Toka saa mbili hauna kazi?"

"Nilikuwa nayo. Nimeisahau."

Alitaka barua ya kuiomba komine, serikali ya mtaa, imwachie kipande cha ukuta kule Buyenzi anapotengenezea magari. Barua aliipata. Kesho yake akarudi bila haja ya barua yoyote, na tangu hapo jina la Metre, waitwavyo mawakili, likamganda Lubna, kwa simu asubuhi, kwa simu mchana, mpaka Irène wa meza ya jirani akawa analiitikia yeye kwa utani.

Miezi mitano ikapita. Baada ya Idi wajomba wa Twahiru walikuja kuposa, wakakubaliwa, na lililobaki lilikuwa moja tu: Lubna ataje mahari yake. Shangazi yake, aliyemlea, alikwisha kumwandalia orodha: kitanda cha mbao nzito, kabati la vioo na vitenge sita. Kila jioni aliuliza, na kila jioni Lubna alisema bado anafikiri.

Kweli alikuwa anafikiri, ila si kitanda. Alikuwa anamfikiria mama mmoja aitwaye Caritas, ambaye Lubna alimchapia mashtaka ya shamba neno kwa neno kama alivyoyasema. Korti ikayarudisha baada ya miezi mitatu, kwa sababu karatasi moja haikuambatanishwa. Mama Caritas hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, na we haukujua?" Swali hilo lilimkaa Lubna kooni kama mwiba wa samaki.

Ndipo akaona tangazo: sertifika ya wasaidizi wa sheria, wale wanaokaa kwenye ofisi za mawakili wakiandaa mafaili. Masomo ya jioni, miezi tisa, minervali, yaani ada, kwa awamu mbili, mwisho wa kujiandikisha Jumamosi saa sita mchana. Akiba yake ya miaka miwili ingetosha minervali hiyo, lakini aliiweka kwa ajili ya mashine ya fotokopi. Mashine ingeanza kumlisha siku ileile ya kuinunua. Sertifika ingemla kwanza: minervali, nauli ya pikipiki iliyopanda tangu petroli iadimike, na wateja wa jioni watakaohamia kwa Irène. Kisha je? Hakutulia. Alikuwa akichapa mstari, anasimama, anakaa, anapiga hesabu nyuma ya bahasha ya mteja.

Jumatatu akampigia Twahiru.

"Twahi, nichukue mashine ao sertifika?"

"Metre, usilipe kwanza."

"Kwa nini?"

"Usilipe tu. Ngojea nikuambie."

Hakumwambia. Jumanne simu iliita mpaka ikachoka. Jumatano alijibu upesi upesi kwamba yuko kazini, na nyuma yake Lubna akasikia sauti ya mwanamke ikicheka. Kazi gani, wakati nusu ya magari ya mji yamelala bila mafuta? Alhamisi Irène akasogeza kiti chake.

"Lubna, usinichukie. Jana nilipeleka mafaili Kinindo, kwa avoka mumoja. Nimekuta Twahiru wako pale, na shati yake nyeupe. Alikuwa anaulizia musichana anaitwa Nella. Wakamupa namba."

Lubna alirudi kwenye kompyuta yake. Alichapa barua nzima ya mteja, akaifuta yote kwa bahati mbaya, akaichapa tena. Iliuma mara mbili: kwamba mwanaume wake hataki asome, na kwamba huku anatafuta mwingine. Usiku huo shangazi alipouliza juu ya mahari, alimjibu labda haitahitajika.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, alitembea kwa miguu mpaka Buyenzi. Twahiru alikuwa chini ya gari. Lubna akalipiga bodi kwa kiganja.

"Toka. Nella ni nani?"

Twahiru akatoka polepole, girisi mpaka kwenye nyusi. Alimtazama, akaelewa, na badala ya kujitetea akaenda kuchukua daftari la shule kwenye sanduku la vyombo.

"Nella ni wa saba," akasema. "Soma."

Kulikuwa na majina kumi na moja, kwa mwandiko wake mbaya.

"Hawa ndio walimaliza ile sertifika mwaka jana. Majina iko kwenye ukuta ya shule. Mi nikinunua moteri ya okazyo, yenye imekwisha kutumika, siangalie rangi. Naiwasha, naisikiliza. Nikasema wacha na hii niisikilize, mbele Metre wangu aweke jasho yake pale."

"Na haukuweza kuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilikuwa sijue bado." Akafuta mikono. "Wane wamepata kazi. Nella ni mumoja, lakini miezi tatu ya kwanza alifanya bila mushahara. Wawili wamebaki pahali walikuwa, ila wateja wameongezeka. Watatu wanatafuta mpaka leo. Wawili sikuwapata."

Lubna alikaa juu ya tairi, gauni lake la kijani na yote. Alikuwa na haya, na alimpenda mtu huyu kuliko alivyompenda Jumatatu.

"Wane kwa kumi na moja. Unanishauri nini?"

"Sikushauri. We unataka nini?"

"Sitaki tena Mama Caritas aniulize kama sikujua." Akafunga daftari. "Ile pesa uliweka kwa kitanda shangazi anataka, iko tayari?"

"Iko."

"Basi chukua kalamu, ntataja mahari yangu. Kitanda sitaki, kabati sitaki. Mahari yangu ni minervali. Nusu kesho mbele ya saa sita, nusu kisha ya nikahi. Akiba yangu itanilisha hiyo miezi, na ile mingine ya bila mushahara."

"Shangazi yako atanikula."

"Atakula mimi kwanza. Mahari ni haki yangu, si yake."

"Na tutalala wapi, Metre?"

"Kwa mukeka."

Twahiru aliandika, ulimi nje, kisha akainua kichwa.

"Na nikichelewa na ile nusu ya pili?"

"Ntakushitaki."

"Korti gani?"

Lubna akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Hiyo sijue bado," akasema. "Nipe miezi tisa."