Mwezi Mmoja Kibandani kwa Dada

Kila asubuhi mwanamume mmoja alipita nyumba hadi nyumba akisoma mita za maji. Mtaa mzima ulimwita Msomamita. Alijua geti lipi lina mbwa mkali na nyumba ipi ina bomba linalovuja. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na minne. Hakuwa tajiri, lakini mwisho wa mwezi mshahara ulifika.

Hakuwa na mke. Aliishi na mama yake na dada yake mkubwa. Dada alikuwa na kibanda cha mapazia sokoni, na alikuwa na maneno matamu kupita kiasi. Mteja akilalamika kwamba pazia ni ghali, dada alimjibu, "Haya, basi waache majirani waendelee kukutazama bure." Mteja anacheka, kisha anatoa pesa. Jumamosi Msomamita alikwenda kumsaidia kutundika mapazia kwenye kamba.

Kisha dada akaugua. Jumatatu kichwa kilimuuma. Alhamisi wakamzika.

Nyumba ikapoa. Wakati wa chakula mama aliendelea kutoa sahani tatu. Akikumbuka, aliirudisha moja kabatini. Msomamita alijifanya hajaona.

Jumamosi ya tatu baada ya mazishi, Msomamita alifungua kibanda. Watu walifurika. "Dada yako alikuwa mtu wa watu," walimwambia, huku wakichagua mapazia. Kufikia alasiri, nusu ya kamba zilikuwa tupu. Alirudi nyumbani akamsimulia mama.

"Baba," mama alimwambia akimshika mkono, "usikifunge kile kibanda. Ukikifunga, mwanangu atakuwa amekufa kweli."

Maneno hayo yalimchoma. Jumapili aliandika barua ya kuacha kazi, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, alipitia sokoni kwa Mama Vifungo. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyeuza vifungo na nyuzi kwenye kibanda cha jirani. Zamani aliwahi kuajiriwa posta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaelekea kazini?"

"Naelekea kuaga. Naacha kazi, nije kuuza mapazia moja kwa moja."

Mama Vifungo aliweka chini kopo lake la vifungo. "Nani kakushauri?"

"Si uliona mwenyewe juzi? Watu walivyojaa?"

"Niliona. Wale walikuja kukupa pole. Hawakujua waseme nini, ndiyo maana wakanunua pazia. Sasa niambie, mtu hununua pazia kila wiki?"

Msomamita alikasirika. "Kwa hiyo nikae nitazame jasho la dada yangu likipotea?"

"Sijasema hivyo. Nasema jua kwanza unakokwenda. Mimi niliacha posta kwa furaha ya wiki moja. Nikahangaika miaka mitatu ndipo nikasimama." Akamvutia kigoda. "Kaa. Una likizo?"

"Siku ishirini na nane."

"Ichukue. Fungua kibanda kila siku, siyo Jumamosi tu. Lipa pango. Nunua mzigo mpya. Kisha jilipe mshahara wako, sawasawa na huu unaolipwa sasa. Ukishindwa kujilipa, jua biashara hiyo bado haiwezi kukuajiri. Halafu uliza ofisini: ukiacha kazi, unapoteza nini? Mama yako anatibiwa kwa kadi ya nani?"

Mama alikuwa na shinikizo la damu. Dawa zake zote zilitoka kwa kadi ya matibabu ya kazini kwake. Jambo hilo halikuwa limempitia akilini hata kidogo.

"Na barua ya kuacha kazi?" aliuliza, akiitoa mfukoni.

"Kaa nayo. Haina haraka."

Alichukua likizo. Wiki ya kwanza mambo hayakuwa mabaya. Wiki ya pili soko likadoda. Jumanne hakuja mtu. Jumatano alikuja mama mmoja mwenye dirisha pana. Msomamita akamkatia kitambaa chenye upana uleule wa dirisha. Kesho yake yule mama alirudi amefura.

"Hili ni pazia au kitambaa cha meza? Halina hata mkunjo mmoja!"

Alimrudishia pesa zake zote. Mama Vifungo akamwonyesha namna ya kupima. "Hupimi dirisha, unapima ile fimbo ya pazia. Kisha unazidisha mara mbili, kitambaa kipate mikunjo. Urefu nao unauongezea shubiri moja ya pindo. Dada yako alikuwa anafanya hesabu hiyo kichwani huku anapiga soga."

Ijumaa alikuja mzee mmoja anayetoka mbali, uso umejaa tabasamu. "Yuko wapi yule dada mchekeshaji? Nimemletea vipimo vyangu."

"Alifariki, mzee."

Yule mzee aliketi kwenye kigoda. Hakununua kitu. Alikunja karatasi yake ya vipimo, akainuka akaenda zake.

Wiki ya nne mama alisema anataka kukiona kibanda. Msomamita akampeleka. Mama alikaa tangu asubuhi. Wapita njia waliwasalimu, wakaendelea na safari zao. Mama alisimama, akaanza kupapasa mapazia, moja baada ya jingine. Alifika mwisho wa kamba akageuka.

"Haya siyo yake."

"Hapana, mama. Haya nimenunua mimi. Aliyoyachagua yeye yamekwisha. Niliyauza."

Mama alirudi kuketi. Alikunja upindo wa kanga yake vidoleni, akaukunjua, akaukunja tena.

"Kumbe tulikuwa tunamuuza kidogo kidogo," alisema. Machozi yakamtoka. "Nilikuomba usifunge hapa ili nisilie. Na bado nalia. Rudi kazini, baba."

Hata hesabu ilisema hivyohivyo. Alipokwisha kulipa pango na mzigo, alichobaki nacho hakikufika hata robo ya mshahara wake. Ofisini nako walimwambia wazi: ukiacha kazi, kadi ya matibabu inakoma mwezi uleule.

Msomamita alichana barua. Mwisho wa mwezi walivua mapazia na kufungua kamba. Mwenye kibanda alikuja kuchukua ufunguo. Msomamita alimkabidhi, akajigeuza upande wa ukuta kwa muda. Ilikuwa kama kuzika mara ya pili.

Lakini biashara haikufa. Mama Vifungo alimpa nafasi ya kibao kidogo mbele ya meza yake: MAPAZIA KWA ODA, JUMAMOSI. Mteja analipa nusu kwanza. Msomamita anakwenda kwake, anapima fimbo, ananunua kitambaa cha oda hiyo tu. Halipi pango, wala hana mzigo unaokaa bila kununuliwa. Siku za kazi akiwa na sare hapokei oda ya mtu, hata wakimwita kutoka dirishani. Kazi ya ofisi ni ya ofisi.

Msimu wa mvua mama alianguka jikoni. Alilazwa siku tisa. Kipimo, kitanda, dawa, vyote vililipiwa kwa ile kadi. Msomamita hakukopa kwa mtu. Siku ya tisa daktari aliwaruhusu. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, amekonda, akisubiri kuvishwa viatu.

"Zile mita bado unazitaka?" aliuliza.

"Nazitaka, mama."

"Na mapazia?"

"Nayo. Oda zinaongezeka. Ila bado siwezi kujilipa mshahara. Siku nikiweza miezi sita mfululizo, na matibabu yako nikiyapatia njia nyingine, nitakuja kukuuliza kama niache kazi."

Mama alitafakari huku akimtazama anavyofunga kamba za viatu.

"Uniulize," alisema. "Lakini usiniulize siku nikiwa nalia."

Akamshika bega, akasimama, wakaanza kutembea taratibu kuelekea mlangoni.