Dumu la Nne

Ekseli ilikatika katikati ya jangwa, gari likalalia upande mchangani, na mashemeji wawili wakashuka wakiendelea kubishana. Mmoja alikuwa fundi wa bastola. Mwenzake, kaka wa mke wa fundi, alifundisha kulenga shabaha. Walikuwa wakipeleka bastola mbili kwa kampuni ya ulinzi iliyotaka kuziona zikipigwa kabla ya kununua. Fundi alikuwa shabiki wa bastola ya kipimo cha arobaini na tano: risasi yake nene ikikupata, huinuki. Shemeji alishikilia ile ya milimita tisa, kwamba haiurushi mkono, inabeba risasi nyingi, na inapiga pale pale ulipoelekeza.

"Hiyo ni ya kufukuzia kunguru," fundi alimkebehi.

Nyuma ya gari kulikuwa na madumu manne ya maji. Watu wa kazi hiyo, wakitaka kupima nguvu ya risasi, hupanga madumu mstari mmoja, wakapiga, wakaangalia risasi imekwamia lipi. Lori la chumvi lilizoea kupita hapo kila alasiri na lingewachukua, kwa hiyo fundi akaona wamalize ubishi papo hapo. Shemeji alitaka dumu la nne libaki garini, la kunywa. Fundi akacheka, akaliweka mwisho wa mstari. Tisa, alisema, haifiki huko hata ikibebwa.

Arobaini na tano ililipasua dumu la kwanza na kukwama ndani ya la pili. Fundi akajipiga kifua. Wakalisogeza pembeni lile lililopasuka, shemeji akatuliza mkono, akafyatua mara moja.

Fundi aliinama kuitafuta risasi kwenye dumu la pili, kisha la tatu, akidai imegonga jiwe, bunduki za kitoto ndivyo zilivyo. Hakutaka kutazama la nne. Shemeji ndiye aliyeliona tundu, chini kabisa, akaliziba kwa kidole. Katika madumu yote yalikuwa yamebaki maji ya kujaza chupa moja.

Lori halikuja siku hiyo, wala iliyofuata. Wakaanza kutembea kwa kufuata alama za magurudumu. Midomo ilipasuka, ndimi zikavimba. Kila mara chupa ilipomfikia, shemeji aliiinua, akalowesha midomo tu, akairudisha.

"Kunywa, bwana," fundi alisema.

"Nimekunywa. Dada yangu asije akawa mjane kwa ubishi wetu."

Kesho yake miguu ya shemeji iligoma. Fundi akambeba mgongoni mpaka naye akaanguka. Hapo ndipo alipoona vumbi la lori, mbali. Akapiga arobaini na tano hadi ikaisha, lori likazidi kwenda. Akaichomoa tisa kiunoni mwa shemeji, akapiga na kupiga. Risasi zilikuwa zimebaki chache sana lori lilipogeuka.

"Limetuona, shemeji," alisema. Alimtikisa, akarudia tena. Shemeji hakuwa na pumzi.

Nyumbani, mke wa fundi alilia siku zote za msiba bila kumuuliza mumewe neno. Waombolezaji walipoondoka, alikuja kuketi mbele yake, macho makavu.

"Baba watoto, madumu yale niliyajaza kwa mikono yangu. Yote manne. Maji yalikwenda wapi?"



"Tuliyapiga risasi," fundi alisema.

Mkewe aliinuka. Kisha akaenda chumbani, akaanza kufungasha nguo zake.