Maombolezo Yaliyokatwa Mara Saba

Maiti alikuwa anapumua, na hilo peke yake halikumshtua Pantelis. Maiti mwenyewe alikuwa Aristos, rafiki yake wa miaka thelathini, aliyelazwa kwenye jeneza la mbao mbele ya kanisa, unga usoni, damu ya kupaka ubavuni. Tangu waanze kazi hizi Aristos hakuwahi kuigiza maiti bila kupumua kama ng'ombe aliyepanda mlima. Kilichomfanya Pantelis abane hedifoni masikioni ni kwamba pumzi zilikuwa mbili. Moja ikiingia, nyingine inatoka.

Akagonga kinasa sauti. Akabadilisha waya. Kisha akajilaumu mwenyewe, maana mtu wa sauti mwenye miaka hamsini na sita, ambaye magoti yake yanalia kuliko milango anayoirekodi, hujilaumu kwanza ndipo alaumu vyombo. Pumzi zikabaki mbili.

"Kata!" akapaza sauti Anestis, mwongozaji. "Wingu! Wingu limepita kwenye jua! Bibi, tunarudia toka mwanzo."

Bibi Stavriani, aliyekuwa amesimama upande wa kichwa cha jeneza, hakushusha mikono. Alikuwa na miaka themanini na sita na gauni jeusi lililochakaa kwa kufiwa.

"Mwanangu," akasema, "hili halikatwi."

"Kila kitu kinakatwa, bibi yangu. Ndiyo sinema hiyo."

Walikuwa Mani, kusini kabisa mwa Ugiriki, kwenye kijiji cha minara ya mawe ambako watu walipigana risasi dirisha kwa dirisha vizazi vitano. Filamu ilihusu Drakoulis, mhalifu wa milimani aliyewasumbua askari miaka tisa, hadi walipomfuata pangoni mwaka wa arobaini na sita na kumpiga risasi ya ubavu. Anestis alikuja toka Athene akitaka ukweli mtupu: kijiji kilekile, jina lilelile, na, Mungu amsamehe, mpwa wa marehemu mwenyewe amlilie. Mpwa huyo ndiye Bibi Stavriani, wa mwisho kijijini aliyejua kuomboleza kwa beti kama zamani.

Akaanza tena.

*Mjomba nakuitia,*
*jua li juu ya paa,*
*mbuzi wamekukimbia,*
*na bunduki imekaa.*

"Kata!" Pikipiki ilipita. "Kata!" Mbuzi aliingia kwenye picha, tena akatazama kamera. "Kata!" Wingu lingine. Mara saba yule bibi alimwita marehemu kwa jina, na mara saba akakatwa kabla hajafika mwisho. Mara ya saba Anestis akasema basi, alichonacho kinatosha, mengine atayaunga Athene. Mafundi wakaanza kukunja nyaya. Bibi Stavriani akabaki pale pale, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyebisha hodi akaona mlango unafunguka na mwenyeji kakimbia.

Aristos akaketi jenezani. "Nimelala vizuri," akasema. "Ila nani alikuwa amenilalia?"

Watu wakacheka. Pantelis naye akacheka, kwa mazoea.

Kesho yake asubuhi, kwenye mkahawa, Aristos alikaa mgongo ukutani, uso mlangoni. Alisukuma kisu pembeni akamega mkate kwa mikono, akala huku ameufunika kwa kiganja. Mwenye mkahawa, jitu nene lenye utani mwingi, alipomletea kahawa, Aristos alimtazama muda mrefu.

"Una macho ya Ligoris," akamwambia.

Yule bwana akaweka kikombe taratibu. "Ligoris ni babu yangu. Kafa kabla sijazaliwa. Umemjulia wapi wewe?"

"Alikuwa anapenda kutembea alfajiri," akasema Aristos, kwa lafudhi nzito ya wazee wa Mani, yeye mzaliwa wa Thesaloniki ambaye lafudhi hiyo alikuwa amehangaika nayo miezi miwili na mwalimu akamkatia tamaa.

Anestis alikuwa meza ya pili, pamoja na Pantelis. Akampiga Pantelis kiwiko, macho yanang'aa. "Umesikia? Ameingia ndani ya mtu anayemwigiza! Mtu yeyote asimguse. Mtu yeyote asimwamshe!"

"Mkono wake ni wa baridi, Anesti," akasema Pantelis, akifupisha jina kama Wagiriki waitanapo.

"Msanii ana haki ya kuwa na mkono wa baridi."

Siku hiyo ya pili walirekodi wizi wa kondoo, na Aristos akaigiza hadi wapiga kamera wakasahau kushangilia. Kwenye hadithi, Drakoulis anamwachia mjane gunia la ngano, na wiki hiyohiyo anampiga risasi mchungaji kwa kosa la kumtazama mno. Aristos alipofika kwa mchungaji alitabasamu kwa upole, akamwekea mkono begani, akamwambia maneno ambayo hayakuandikwa popote: "Usiogope. Mimi nikiua, sina hasira." Mwigizaji wa mchungaji alienda kujifungia garini. Pantelis, aliyekuwa na sauti zote mbili masikioni, alisikia kwamba pumzi moja sasa ilikuwa nzito na tulivu, na ile nyingine, ile ya rafiki yake, ile aliyoijua toka walipokuwa wanalala kwenye basi la maonyesho wakila sardini za kopo, ilikuwa imekuwa nyembamba, ya mtu anayepumulia kwenye tundu la ufunguo.

Jioni alimsaidia kunawa. Damu ya kupaka ilitoka. Chini yake, ubavu wa kushoto, palibaki doa la zambarau, ukubwa wa sarafu, na palinuka: baruti iliyochomwa, mbuzi dume, na mawe ya pangoni yasiyopata jua.

"Aristo. Ndugu yangu. Unaumwa?"

Midomo ya Aristos ikatikisika. Ikatoka sauti yake mwenyewe, ndogo kama inatoka kisimani. "Panteli, nasogezwa. Kila mchana nasogezwa kidogo. Nimefika ukingoni."

Kisha macho yakabadilika, na yule mwingine akageukia ukuta, akalala.

Pantelis alishapita Kairo, Beiruti, Marseille, akarekodi makaburi, magereza na harusi tatu za kwake mwenyewe, na kote huko alijisifu kwamba haogopi kitu kisichoweza kumgongea mlango saa ya kodi. Kesho yake saa sita mchana magoti yalimchukua mbiombio hadi kwa Bibi Stavriani. Jua lilikuwa limesimama juu ya minara. Madirisha ya mbao yote yalifungwa, hakuna mbwa, hakuna kuku. Saa hiyo watu wa Mani hawatoki nje. Wageni huambiwa ni kwa sababu ya joto.

Bibi alimfungulia kabla hajabisha.

"Amekaa kwa rafiki yako," akasema. Hakuuliza.

"Bibi, ulimfanya nini?"

"Mimi? Nyie ndio mliomfanya. Maiti ukimwita kwa jina, kichwani kwake, unamwambia yote: alivyoishi, alivyokufa, nani kamuua. Ukimaliza unamwambia nenda. Ndipo anakwenda. Mimi nimemwita mara saba, na mara saba mwenzako kanifunga mdomo na lile neno lake. Kaja, kakuta kitanda, kalala."

"Lakini ilikuwa mchezo!"

"Hata mimi nilidhani ukiwa mchezo atajua." Akaketi kizingitini, polepole, akishika ukuta. "Hakuwahi kuombolezwa, yule. Mama yangu, dada yake, alikatazwa. Aliuma kitambaa chake siku tatu ili asipige kelele. Nilikuwa na miaka minane. Nilikiona kile kitambaa."

"Basi malizia, bibi. Nakupigia magoti, na Mungu anajua haya magoti."

Hakutabasamu. "Rafiki yako ana siku ngapi?"

"Anasema amefika ukingoni."

"Basi ana kesho. Mwili mmoja haubebi wawili. Anayetoka ni yule mwenye adabu, na mwenye adabu ni rafiki yako." Akatazama mikono yake. "Ila mwisho wa maombolezo una jina la muuzaji, yule aliyemuuza kwa askari. Bila jina hilo hayaishi. Nimelala kwenye nyumba ya muuzaji miaka themanini na sita, mwanangu. Nimekula kwenye meza yake. Nenda. Niache."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango bila kelele.

Pantelis alirudi kwa Anestis, akamwomba asimamishe kazi, amwite daktari, amwite padri, amwite yeyote. Anestis alimsikiliza huku akila zeituni.

"Imebaki siku moja," akasema. "Pango. Kifo. Wewe unataka nimwamshe mtu siku ya kifo? Panteli, umri wako, hii si filamu yako ya mwisho? Kaa na waya zako, mzee wangu."

Na Pantelis, kwa uchovu wa mtu aliyekaa na waya zake maisha yote huku wengine wakiamua nani aishi kwenye picha, akachukua funguo za gari lililobeba kamera, akashuka hadi gatini, akazitupa baharini. Baadaye alikiri kwamba alilenga maji ya kina na zikaangukia pwani, ikambidi aingie na viatu kuzisukuma.

Kwa hiyo siku ya nne hapakuwa na pango. Anestis alikuwa barabarani akitukana simu. Ndani ya mnara waliokopeshwa, Aristos alilala chali, mikono kifuani, ngozi imekuwa rangi ya nta, na Pantelis aliketi pembeni bila hedifoni, kwa kuwa hakuzihitaji tena. Chumba kizima kilikuwa kinapumua pumzi ile moja nzito, na ile nyembamba ilikuja mara moja kwa dakika, kisha mara moja kwa dakika mbili, kisha akangoja na kungoja.

Saa sita mchana mlango ukafunguka. Bibi Stavriani aliingia, nywele nyeupe zimeachiliwa mabegani kama wafanyavyo wenye msiba. Hakumsalimu mtu. Akaenda kichwani pa kitanda.

"Mtu yeyote asinikate," akasema.

"Hakuna mtu, bibi. Ni mimi tu."

Akaanza, na haikuwa sauti ile ya mbele ya kamera, ilikuwa chini, kavu, kama mtu anayekokota kiti kizito kwenye sakafu ya mawe, akamwita mjomba wake, akamwambia ngano aliyowapa wajane na mchungaji aliyemuua, hakumpunguzia hata moja, akamwambia mvua ya asubuhi ile, na askari kumi na mmoja, na jibini aliyokuwa nayo mkononi, na kila alivyosema harufu ya baruti ilizidi hadi Pantelis akaziba pua kwa shati, na kitanda kikaanza kugongagonga ukuta ingawa mwili juu yake haukutikisika, na kutoka kinywani mwa Aristos, kinywa kilichofungwa, ikatoka sauti ya mtu anayesaga meno akisubiri, akisubiri kitu kimoja tu, na bibi akafika hapo, akasimama, na Pantelis akajua kwamba angeweza kunyamaza na hakuna mahakama duniani ingemlaumu.

*Hakukuuza mgeni,*
*wala mtu wa mjini,*
*ni aliyekula nawe,*
*ni baba, baba mwenyewe.*

Kitanda kikatulia.

"Yorgis, baba yangu, alionyesha pango," akasema bibi, sasa bila wimbo. "Ligoris wa mkahawa alipeleka habari alfajiri. Padri Nikiforos alizuia kengele isilie. Ndio hao watatu. Umesikia kwa mtu wa damu yako. Sasa toka kwenye mwili wa watu, mjomba. Nenda."

Pazia la dirisha likavutwa kuelekea nje, likanyooka kama bendera, na hapakuwa na upepo. Kisha likaanguka.

Aristos akavuta hewa. Akakohoa, akajikunja, akafungua macho mekundu ya mtu aliyeamka toka ulevi wa wiki nzima.

"Panteli," akasema kwa lafudhi yake mbovu ya Thesaloniki, "una sura ya mtu aliyelala na mbuzi."

Pantelis alitaka kumjibu tusi zuri, alikuwa nalo tayari, lakini badala yake akamshika kichwa kwa mikono miwili akalia bila aibu. Doa la ubavuni lilikuwa linafifia. Mkono ulikuwa wa moto.

"Bibi," akasema alipoweza, "Mungu akulipe. Ameondoka."

Bibi Stavriani alikuwa dirishani, anasikiliza. Kijiji kilikuwa kimya, kimefungwa, kimelala kwenye joto. Kisha upande wa juu, nyumbani kwa ukoo wa Padri Nikiforos, dirisha moja la mbao likafunguliwa kwa kishindo, na mwanamke akauliza ndani kwa usingizi, "Nani?" Ukapita muda wa mtu kutembea mteremko bila haraka. Halafu kwenye mkahawa vikombe vikaanza kuanguka, kimoja kimoja, kama mtu anavipangusa toka rafuni kwa kidole, na mwenye mkahawa akapiga yowe.

"Nilimwambia atoke," akasema bibi. "Sikumwambia aende wapi."

Akakusanya nywele zake, akazifunga kwa kitambaa cheusi, akakaza fundo chini ya kidevu. Pantelis alimshika mkono. Kaa hapa, akamsihi, kaa nasi, gari la waigizaji linaondoka baada ya saa moja, tutakupeleka Athene, tutakupeleka popote.

"Nyumba ya baba iko chini kabisa," akasema, akiutoa mkono wake taratibu. "Bado ana hatua mia mbili. Acha niwahi kumfungulia. Huyo ni mjomba wangu, mwanangu, na tangu nikiwa na miaka minane nimemwacha nje."